Siku ya Mwisho ya Kufungua Madai Uingereza: Ihesabu Hivi, Iwahi Hivi

Kosa ni lilelile. Mtu ana dai la haki, ana risiti, ana mashahidi, ameandikiana na upande wa pili miaka mitano mizima, halafu anafika mahakamani wiki moja baada ya muda kwisha. Mdaiwa hana haja tena ya kubisha kama anadaiwa au hadaiwi. Anaandika aya moja kwenye utetezi wake kwamba muda umepita, na kesi inaishia hapo.

Wengi wanaonaswa hivi idadi ya miaka waliijua. Walikosea siku ya kuanzia kuhesabu, au waliamini kwamba barua, malalamiko na mazungumzo vinasimamisha hesabu. Havisimamishi. Kinachosimamisha hesabu ni karatasi zako kupokelewa mahakamani.

Mwongozo huu ni wa England na Wales, ambako sheria kuu ni Limitation Act ya 1980. Scotland ina sheria yake, na huko mikataba mingi ni miaka 5. Ireland ya Kaskazini nayo ina yake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wenyewe, ukiwa umeandikwa. Soma ukurasa wa saini: kama kuna neno "deed" (hati rasmi yenye uzito kuliko mkataba wa kawaida), weka alama.
- Karatasi moja yenye tarehe tano: siku tukio lilipotokea, siku hasara au maumivu yalipoanza, siku ulipojua, siku mdaiwa alipolipa chochote mara ya mwisho, na siku alipokiri deni kwa maandishi. Kila tarehe iwe na ushahidi wake: barua pepe, taarifa ya benki, kadi ya hospitali.
- Tarehe ya kuzaliwa ya aliyeumia, kama alikuwa mtoto.
- Jina kamili la mdaiwa. Kwa kampuni, chukua jina na namba kutoka tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa serikali. Jina la kwenye bango la duka mara nyingi si jina la kampuni.
- Kalenda inayoonyesha siku za wiki.
- Fomu ya madai N1, au akaunti ya kufungulia madai ya fedha mtandaoni.
- Ada ya mahakama. Dai la pauni 3,000.01 hadi 5,000 ada yake ni pauni 205. La hadi 10,000 ni pauni 455. Kuanzia hapo hadi 200,000 ni asilimia 5 ya dai. Viwango hubadilika, kwa hiyo vithibitishe kwenye gov.uk siku unayolipa. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu EX160 ya kuomba msamaha wa ada.

## Hatua ya 1: Jua ni sheria ya nchi gani

Hatua hii hurukwa sana na watu wetu wenye maisha huku na kule. Mahakama ya Uingereza inaweza kusikiliza dai lako na bado ikatumia ukomo wa nchi nyingine. Foreign Limitation Periods Act ya 1984 inasema hivi: kama dai linatawaliwa na sheria ya nchi fulani, muda nao ni wa nchi hiyo.

Chukua ajali ya gari Mombasa. Kwa kawaida sheria ni ya mahali madhara yalipotokea, yaani Kenya, na Kenya inatoa miaka 3 kwa madhara ya aina hiyo. Tanzania pia ni miaka 3. Kwa aliyeumia mwili tofauti haionekani, maana Uingereza nako ni miaka 3. Inaonekana kwenye gari. Uingereza ingekupa miaka 6 ya kudai gharama za gari. Kenya inakupa 3. Na ukiishitaki serikali ya Kenya kwa madhara kama hayo, ni miezi 12 tu.

Kuna hali moja ya kukumbuka. Aliyegonga na aliyegongwa wakiwa wote ni wakazi wa Uingereza, kwa mfano majirani wawili wa London waliokuwa likizo Diani, sheria inayotumika kwa kawaida ni ya Uingereza.

Kwa mikataba, tafuta kifungu kinachotaja sheria inayotawala. Kisipokuwepo, muulize wakili kabla ya kuendelea, kwa sababu jibu linategemea aina ya mkataba na makazi ya kila upande.

Ukifanikiwa: unaweza kuandika juu ya karatasi yako, bila kusita, "sheria ya England na Wales" au jina la nchi nyingine.

## Hatua ya 2: Lipe dai lako jina lake

Tukio moja linaweza kuzaa madai mawili yenye muda tofauti. Umegongwa barabarani: shingo inauma, gari limebonyea. Shingo ina miaka 3, gari lina miaka 6. Ukisubiri hadi mwaka wa tano ili udai vyote pamoja, shingo umeshaipoteza.

Mkataba wa kawaida, wa maandishi au wa mdomo, ni miaka 6. Humo mna kazi ya fundi, bidhaa mbovu ya dukani, mkopo kati ya jamaa, pango lisilolipwa, hata upatu ambao mtu amepokea zamu yake kisha akaacha kuchangia. Mkataba uliosainiwa kama deed una miaka 12.

Madhara ya mwili au ya akili ni miaka 3, iwe kwa uzembe au kwa kupigwa makusudi. Kwa kifo, wategemezi wana miaka 3 tangu kifo au tangu walipojua chanzo chake.

Uzembe usioumiza mwili ni miaka 6, kwa mfano wa wakili aliyevuruga ununuzi wa nyumba au mhasibu aliyekosea hesabu za kodi.

Kashfa ni mwaka 1. Hesabu inaanza siku maneno yalipochapishwa kwa mara ya kwanza. Kwa maneno yaliyochapishwa baada ya sheria ya kashfa ya 2013 kuanza kutumika, mtu kuyasoma tena mtandaoni mwaka wa tatu hakuanzishi hesabu upya.

Usafiri wa ndege una mitego miwili. Ndege ikitoka Heathrow kwenda Nairobi ikafika imechelewa zaidi ya saa 4, fidia ya kisheria ya pauni 520 inadaiwa ndani ya miaka 6, kama shirika halina sababu inayokubalika kisheria. Sanduku lililopotea kwenye ndege hiyohiyo liko chini ya Mkataba wa Montreal, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, na huo ni miaka 2 tu tangu siku ya kufika. Kabla ya hapo kuna muda mfupi zaidi wa kulalamika kwa shirika kwa maandishi: siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, siku 21 tangu kupokea mzigo uliochelewa. Asiyelalamika ndani ya siku hizo hapati kitu, hata akienda mahakamani mwezi wa pili tu.

Mfupi kuliko yote ni huu wa ajira. Kuachishwa kazi isivyo haki, ubaguzi kazini au mshahara uliokatwa hupelekwa kwenye baraza la ajira, na muda uliozoeleka ni miezi 3 kasoro siku moja. Aliyeachishwa tarehe 20 Juni ana hadi tarehe 19 Septemba. Bunge limekwisha kupitisha sheria ya kuurefusha hadi miezi 6, kwa hiyo angalia kwenye tovuti ya Acas, taasisi ya umma ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kama mabadiliko hayo yameanza kuhusu tarehe yako. Usipokuwa na hakika, tumia miezi 3. Ndani ya muda huo lazima kwanza ufungue usuluhishi kwa Acas.

Jambo wasilolijua wengi: aliyekosa muda wa baraza kwa mshahara ambao hajalipwa bado anaweza kuudai mahakama ya kaunti kama deni la mkataba, ndani ya miaka 6. Dai la kuachishwa isivyo haki haliwezi kuokolewa kwa njia hiyo.

Mengine kwa haraka: ubaguzi dukani, benki au kwa mwenye nyumba ni miezi 6 kasoro siku moja. Kukiukwa haki za binadamu na mamlaka ya umma ni mwaka 1. Mke, mume au mtoto aliyeachwa bila matunzo kwenye wosia ana miezi 6 tangu hati ya usimamizi wa mirathi itolewe.

Onyo: kama dai lako linaingia kwenye majina mawili, tumia muda mfupi zaidi.

## Hatua ya 3: Tafuta siku hesabu inapoanza

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na zaidi ni kwenye mkataba.

Kwa mkataba, hesabu inaanza siku ulipovunjwa, ujue usijue. Fundi amemaliza kuezeka paa tarehe 3 Septemba 2019, maji yakaanza kuvuja Februari 2023. Mwenye nyumba anahesabu miaka 6 kutoka 2023 na kujipa hadi 2029. Sheria inahesabu kutoka 3 Septemba 2019, siku kazi mbovu ilipokabidhiwa. Muda wake wa mkataba uliisha 3 Septemba 2025.

Anaweza kujaribu mlango wa uzembe. Hasara iliyojificha ina nafasi ya ziada: miaka 3 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua, ila si zaidi ya miaka 15 tangu kosa lenyewe. Nafasi hii haihusu dai la mkataba, na dai la uzembe dhidi ya fundi kwa kazi mbovu peke yake ni gumu kushinda. Ikiwa ubovu umefanya nyumba ya kuishi isikalike, kuna sheria ya majengo mabovu ya 1972: muda wake sasa ni miaka 15, na kwa haki zilizozaliwa kabla ya 28 Juni 2022 ni miaka 30.

Mkopo usio na tarehe ya kurudishwa una sheria yake. Umemkopesha binamu pauni 4,000, mkasema "utanipa ukipata". Hesabu ya miaka 6 haianzi siku ulipotoa pesa. Inaanza siku ulipomdai kwa maandishi. Kwa hiyo kabla hujaandika ujumbe wa "nataka pesa yangu", jua kwamba tarehe ya ujumbe huo ndiyo inayofungua hesabu. Kama mlipanga tarehe ya kulipa, hesabu inaanza tarehe hiyo ilipopita bila malipo.

Upatu si mkopo wa namna hiyo. Kila zamu ina tarehe yake, na kila mchango uliokosekana una miaka 6 yake. Mtu aliyeacha kuchangia kuanzia Januari hadi Juni ameacha madeni sita yanayokufa moja baada ya jingine, mwezi kwa mwezi.

Kwa madhara ya mwili, chukua siku iliyo ya baadaye kati ya mbili: siku ulipoumia, au siku ulipojua mambo haya: kwamba madhara ni makubwa kiasi cha kudaiwa, kwamba yanatokana na kitendo au uzembe unaoulalamikia, na nani alikifanya. Anayefanya kazi kwenye vumbi la asbesto anaweza kuugua miongo kadhaa baadaye. Siku yake ni ile aliyoelezwa na daktari. Kutojua kwamba sheria inakupa haki ya kudai hakuhesabiki. Na mahakama huuliza pia ulichopaswa kujua: ukikaa miaka minne bila kumuuliza daktari jambo lililo dhahiri, hesabu haikusubiri.

Ukifanikiwa: una tarehe moja, na karatasi moja inayoithibitisha.

## Hatua ya 4: Hesabu siku kwa siku

Siku ya tukio yenyewe haihesabiwi. Ulianguka kwenye sakafu yenye maji dukani Jumatano tarehe 8 Mei 2024. Siku ya kwanza ni 9 Mei 2024. Siku ya mwisho ya miaka 3 ni 8 Mei 2027.

Fungua kalenda: 8 Mei 2027 ni Jumamosi. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo ofisi ya mahakama imefungwa, na kitendo chenyewe kinahitaji ofisi iwe wazi, unaruhusiwa kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Msimamo huo umekuwepo tangu kesi ya Pritam Kaur ya miaka ya 1970. Usiutegemee. Kwa dai linaloweza kufunguliwa mtandaoni usiku wa manane, mdaiwa atasema mlango haukuwa umefungwa. Kwenye baraza la ajira wikiendi haikuongezei hata saa moja.

Kuna mtego wa saa sita ya usiku ambao Mahakama ya Juu iliukata mwaka 2021 katika kesi ya Matthew dhidi ya Sedman. Kitu kilipaswa kufanyika kabla ya saa sita usiku wa tarehe 2 Juni 2011, hakikufanyika. Wadai wakasema: kosa limezaliwa tarehe 3 Juni, siku ya tukio haihesabiwi, kwa hiyo siku ya mwisho ni 3 Juni 2017, nayo ni Jumamosi, basi tunasogea hadi Jumatatu tarehe 5. Wakafungua Jumatatu. Mahakama ikasema tarehe 3 Juni 2011 ilikuwa siku kamili tangu dakika yake ya kwanza, hivyo inahesabiwa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 2 Juni 2017. Wakapoteza kwa siku moja ya hesabu na wikiendi moja.

Kwa hiyo, makataa yakiwa yaliisha saa sita usiku, ondoa siku moja.

Sasa andika tarehe tatu kwa wino mwekundu: siku ya mwisho ya kisheria, siku yako mwenyewe ya mwisho, ambayo ni siku 28 kabla yake, na siku ya kutuma barua ya madai, miezi 6 kabla.

## Hatua ya 5: Angalia kinachosogeza hesabu

Utoto. Kwa aliyeumia akiwa chini ya miaka 18, hesabu inaanza anapotimiza 18. Dai la mwili lifunguliwe kabla hajatimiza 21, la mkataba kabla hajatimiza 24. Mzazi anaweza kulifungua mapema kwa niaba yake, na ni afadhali, maana kamera na mashahidi hawasubiri.

Kukosa uwezo wa akili. Kama mtu hakuwa na uwezo wa kufanya maamuzi siku dai lilipozaliwa, hesabu inasubiri. Kama uwezo ulipotea miezi baadaye, hesabu iliyokwisha kuanza haisimami.

Kukiri deni. Mdaiwa akiandika na kusaini kwamba anadaiwa, au akilipa sehemu, miaka 6 inaanza upya siku hiyo. Pauni 20 zilizoingia benki zinatosha. Lakini lazima iwe kabla ya muda kwisha. Deni la mkataba likishafikia ukomo, malipo ya baadaye hayalifufui. Maneno ya mdomo, hata mbele ya wazee watatu, hayahesabiki. Ukiwa wewe ndiye unayefuatwa na wakusanya madeni, isome aya hii kwa upande wa pili kabla hujatuma chochote "kuonyesha nia njema".

Ulaghai na kuficha. Mdaiwa akikuficha kwa makusudi jambo ambalo dai lako linalihitaji, hesabu inaanza siku ulipoligundua au ulipoweza kuligundua kwa bidii ya kawaida. Kukaa kimya tu baada ya kazi mbovu si lazima kuwe kuficha. Utahitaji ushahidi kwamba alijua.

Yasiyosogeza chochote: malalamiko kwa kampuni, malalamiko kwa ombudsman (msuluhishi huru wa malalamiko), ahadi ya bima ya "tunalishughulikia", kwenda polisi, kusafiri nje ya nchi, kukosa pesa ya wakili. Pia tovuti ya Official Injury Claim kwa majeraha madogo ya barabarani: kufungua dai humo si kufungua kesi, na miaka 3 inaendelea kuhesabika wakati mnaandikiana.

## Hatua ya 6: Andika barua ya madai ukiangalia kalenda

Mahakama inataka uandike kwanza. Kwa deni jepesi mpe mdaiwa siku 14 kujibu. Kwa madhara ya mwili ana siku 21 kukiri kupokea, kisha hadi miezi 3 kuchunguza. Kwa kosa la hospitali ni hadi miezi 4. Ndiyo sababu ya miezi 6 tuliyoitenga juu.

Barua iwe na mambo manne: kilichotokea na tarehe zake, kwa nini yeye ndiye mwenye kosa, kiasi unachodai na namna ulivyokifikia, na siku ya mwisho ya kujibu. Ambatisha nakala, baki na asili.

Muda ukikaribia mazungumzo hayajaisha, una njia mbili. Ya kwanza ni makubaliano ya maandishi, yaliyosainiwa na pande zote, kwamba hesabu inasimama kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Yaandikwe na wakili: makubaliano yasiyosema wazi kama hesabu inasimama au inasogezwa yamewaingiza watu kwenye kesi juu ya kesi. Ya pili, na kwa maoni yetu ni salama zaidi kwa asiye na wakili, ni kufungua kesi na kuiomba mahakama iisimamishe wakati mnaendelea kuongea.

Onyo: "tuendelee kuzungumza" kutoka kwa bima, hata kwa lugha tamu, si makubaliano ya kusimamisha hesabu.

## Hatua ya 7: Karatasi zifike mahakamani

Kinachohesabika ni siku mahakama ilipopokea fomu yako, si siku ilipogonga muhuri wa kuifungua. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2006 katika kesi ya Barnes dhidi ya Halmashauri ya St Helens. Lakini muhuri ukichelewa, kazi ya kuthibitisha siku ya kupokelewa ni yako.

1. Andika jina la mdaiwa kama lilivyo Companies House. Ukimshitaki mtu asiye sahihi na muda ukaisha, kumbadilisha kunahitaji ruhusa na mara nyingi kunakataliwa.
2. Taja aina zote za dai. Ukitaja uzembe peke yake, kuongeza mkataba baada ya muda ni vita nyingine.
3. Lipa ada yote. Fomu yenye ada pungufu inaweza kurudishwa, na siku zinazopotea kwenye posta ni zako.
4. Kama maelezo kamili hayajawa tayari, usisubiri. Fomu N1 yenye muhtasari inatosha kufungua. Maelezo yanaweza kufuata ndani ya siku 14 tangu mdaiwa afikishiwe fomu, ilimradi muda wa kufikisha wenyewe haujapita.
5. Peleka kwa njia inayoacha alama: mtandaoni, au posta ya kusainiwa. Hifadhi ujumbe wa mfumo unaosema dai limepokelewa, pamoja na saa.

Ukifanikiwa: una namba ya kesi, tarehe ya kufunguliwa na risiti ya ada. Mpaka uwe na vitu hivyo vitatu, piga simu kila siku ya kazi.

## Hatua ya 8: Mfikishie mdaiwa ndani ya miezi 4

Dai lililofunguliwa siku za mwisho bado linaweza kufa hapa. Fomu lazima itumwe kwa mdaiwa, kwa njia inayokubalika, kabla ya saa sita usiku ya siku inayotimiza miezi 4 tangu kufunguliwa. Akiwa nje ya England na Wales ni miezi 6. Kwa madai ya mtandaoni ya fedha mahakama hutuma yenyewe. Kwa N1 unaweza kuchagua, na ukiwa umebana muda tuma mwenyewe kwa posta ya daraja la kwanza na uchukue cheti cha kutuma.

Barua pepe haikubaliki mpaka upande wa pili uwe umekubali kwa maandishi kupokea hati za mahakama kwa njia hiyo. Bwana Barton, mdai aliyejiwakilisha mwenyewe bila wakili, aliwatumia mawakili wa upande wa pili fomu yake kwa barua pepe siku moja kabla ya mwisho. Walikuwa wakiandikiana naye kwa barua pepe, ila hawakuwa wamekubali kupokea fomu hivyo. Mwaka 2018 majaji watatu kwa wawili wa Mahakama ya Juu walikataa kumwokoa: kutokuwa na wakili hakulegezi kanuni.

Ukiona hutafika, omba muda wa ziada kabla miezi 4 haijaisha. Baada ya hapo masharti ni magumu mno.

## Kama umeshachelewa

Mtu aliyezoea Tanzania atashangaa hapa. Kule mahakama huitupa kesi iliyochelewa hata mdaiwa asipolitaja suala la muda. Katika mahakama za kawaida za Uingereza ni mdaiwa anayepaswa kulileta kwenye utetezi wake. Asipolileta, kesi inaendelea. Hata hivyo wakili yeyote huanza na tarehe kabla hajasoma kitu kingine, na mabaraza ya ajira huangalia yenyewe.

Kwa mkataba na deni, mahakama haina huruma ya kutoa. Kwa madhara ya mwili ipo, kupitia kifungu cha 33 cha Limitation Act: jaji anaweza kuacha ukomo usitumike akiona ni haki. Anapima urefu wa kuchelewa na sababu yake, ushahidi umeharibika kiasi gani, mdaiwa alijibu vipi maswali yako, na ulichukua hatua upesi kiasi gani ulipojua. Mzigo wa kumshawishi ni wako.

Kesi mbili za Wakenya zinaonyesha mzani huo unavyokaa. Mwaka 2012 Jaji McCombe aliwaruhusu wazee walioteswa enzi za Mau Mau kuendelea na madai ya miaka ya 1950, kwa kuwa nyaraka za serikali zilikuwa nyingi na bado ziliwezesha kesi ya haki. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mwaka 2018, katika kesi ya Kimathi, kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilipoleta madai ya enzi hizohizo, mahakama ilikataa kutumia kifungu hicho: baada ya nusu karne na zaidi, mdaiwa hangeweza tena kujibu kwa haki tuhuma za mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo ukienda kwa wakili, au kwenye vituo vya ushauri kama Law Centre au Citizens Advice, ukiwa umechelewa, usipeleke maelezo ya uchungu wako peke yake. Peleka orodha ya ushahidi ulio hai hadi leo: faili la hospitali, kitabu cha ajali cha mwajiri, namba za mashahidi wanaopatikana, na barua ulizowahi kuandika zenye tarehe.